Maji Mengi, Mara Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1990, tulikuwa wanne katika karakana ya betri, Nyakabanda, Kigali: Fundi Kalisti, bosi wetu, Hasani, msaidizi wake, Vestina, mshonaji aliyeweka cherehani barazani kwetu, na mimi, yatima niliyeacha shule darasa la sita ili wadogo zangu watatu wale.

Fundi alinipa ndoo ya plastiki kabla ya salamu. Betri hujazwa asidi iliyopunguzwa kwa maji, na asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, taratibu. Ukitia maji ndani ya asidi, inachemka.

"Iko narukia wewe macho!" alifoka. "Sema tena!"

Nilisema mara ishirini. Vestina akacheka: "Fundi, huyu mtoto ataota asidi."

Niliipenda kazi ile! Kuchovya kipimo cha kioo ndani ya seli, kuona boya lake dogo likipanda, kujua betri iliyokufa imefufuka: nilitamani kupiga vigelegele.

Mwaka uliofuata, mwanamume ambaye Vestina alikataa posa yake alikuja asubuhi na kopo, akammwagia asidi usoni, akakimbia. Hasani alinyanyua jerikani ya maji. Nikamshika mkono.

"Acha! Maji juu ya asidi, hapana!"

Tukamfuta kwa kitambaa, tukamkimbiza zahanati. Sista alimwosha muda mrefu, kisha, aliposikia maji yalizuiwa, akauliza na nani.

"Mimi, Sista. Ndiyo sheria ya kazi."

"Hiyo sheria ya ndoo. Kwenye ngozi mwaga mengi, mara moja, bila kukoma, yaichukue yaende nayo. Na usifute. Kufuta ni kuisambaza."

Vestina alipoteza jicho la kushoto. Alipopata nafuu aliniita.

"Sauti niliisikia. Ilikuwa yako."

Nikapiga magoti.

"Inuka. Utanipeleka kila gereji, useme ulivyokosea. Mimi nitafunua uso."

Tukaanza na kwetu. Fundi Kalisti aliweka pipa la maji mlangoni, na aliyekuja na chupa bila betri hakuuziwa asidi. Kwingine walitudhihaki: "Mama cherehani anatufundisha betri!" Vestina alishusha kitambaa alichojifunika uso. "Sogea, profesa, usome." Wakaleta mapipa.

Mwaka 1993 nilikuwa njia panda ya Sonatubes na betri begani niliposikia mayowe. Msichana alikuwa amemwagiwa asidi, na watu wanatafuta kitambaa. Nikatupa betri chini.

"Msimfute! Maji! Jerikani zote!"

Waosha magari wakapanga mstari, jerikani zikapita mkono kwa mkono, wanawake wakamvua nguo iliyolowa. Tulimwaga kwa muda wa misa nzima.

"Basi, kaka, nitazama!" alilia.

"Zama, dada! Utaibuka na macho mawili!"

Aliibuka nayo. Nilikimbia hadi Nyakabanda kumwambia Vestina, nikiwa nimelowa chapachapa, nikicheka kama mwehu. Akacheka nami, kisha akalia.

Mafundi wengi tuliowafundisha hawakuyavuka mauaji ya mwaka 1994. Mimi na Vestina tulibaki, tukaanza upya na vijana ambao hawakutujua. Ninyi mnaoingia kazini sasa, pipa likiwa tupu, msifungue mlango.

Mwezi uliopita nilimwambia Vestina kwamba mgongo umechoka, nimestaafu. Alikuwa akipindia sketi, akipapasa tundu la sindano kwa kidole. Hakuinua kichwa.

"Nani amekuruhusu kustaafu na jicho langu?"

Kesho tunatoka tena, mimi na yeye. Busanza kuna gereji mbili mpya, na hakuna hata moja yenye pipa.