Likizo ya Bi Kelele

Bi Kelele alikuwa amechoshwa na kondoo, lakini aliyemchosha zaidi alikuwa Mungu, au tuseme Mungu wa padri. Alikuwa akichunga kondoo wa kanisa tangu enzi zile goti lake la kushoto lilipokuwa likikunjika bila kulalamika. Jina alilipata kwa koo lake: akipiga ukelele mmoja, kundi zima linageuza shingo.

Binti yake wa pekee alikuwa amejifungua huko mji wa pili. Bi Kelele alitaka Jumapili moja tu, akampakate mjukuu. Akaenda kuomba ruhusa.

Padri akafumba macho. Bi Kelele akajua yamemkuta. Padri akifumba macho, zaburi inakuja.

"Mama, unajua kwa nini Mungu akaimbwa kama mchungaji? Kwa sababu haachi kundi. Halali, hachoki."

"Baba, yeye hana goti bovu."

"Usikufuru."

"Sikufuru, naomba likizo. Na huyo mtunzi wa zaburi, si mnasema alikuwa mfalme? Amekaa jumbani, mto mgongoni, anawakumbuka kondoo. Sasa wakati yeye anatunga, nani alikuwa nao machungani?"

Padri akakohoa kidogo.

"Ila pale kwenye maji matulivu kasema kweli," Bi Kelele akaongeza, maana hakuwa mtu wa kumnyima mtu haki yake. "Kondoo anaogopa maji yanayokimbia. Yule alichunga kweli. Lakini aliacha kuchunga! Mimi naomba siku moja."

Padri akafumbua macho ghafla. Wazo zuri lilikuwa limemwingia, Mungu atuepushe. Kondoo waletwe uani, waumini watoe viti nje, naye ahubiri akiwachunga kwa mkono wake. Watu waione zaburi kwa macho!

Jumapili, Bi Kelele akaja amevaa nguo ya kutokea. Akamkabidhi padri fimbo, akawaaga waumini kwa sauti, "Haya jamani, mbaki salama!" akashika njia ya kituo cha basi.

Kundi likamfuata.

"Njooni, wanangu!" padri akaita, sauti tamu kama ya kwenye redio. Hakuna aliyegeuka. Akakimbia, kanzu kaishika juu kama anayevuka dimbwi. Waumini nao wakamfuata padri, kwaya mbele.

Kituoni, konda akachungulia. "Bibi, hao wote ni wako? Siti ziko mbili."

"Nisubiri hapohapo, mwanangu. Ukiondoka nakulaani."

Zizi lilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Mlango wa karibu wenye komeo ulikuwa mmoja, wa kanisa. Bi Kelele akageuka, akilirudisha kundi huku akilitukania ukoo mzima, akatangulia kuingia kanisani, wakajaa nyuma yake hadi altareni. Akatokea mlango wa pembeni, akaufunga. Wa mbele akautia komeo mwenyewe.

"Mama!" Padri alihema. "Kuna Misa ya pili!"

"Wameshawahi nafasi, Baba."

"Na nani atawaangalia?"

"Si uliniambia yupo asiyelala wala kuchoka? Basi leo zamu yake. Mimi kesho."

Akachechemea hadi kwenye basi, akakaa, akapumua. Kisha akafunga dirisha haraka, maana kondoo kule kanisani walikuwa wameanza kumwita.