Nta kwenye Stadi

Laiti ningeirudisha ile spana mkononi mwa baba na kusema, "Hapana, baba, fundi amekataza." Niliipokea. Mpaka leo nikisikia harufu ya nta ya nyuki ikiungua kwenye chuma cha moto, namwona tena baba ameinama juu ya pikapu yetu uani kwetu, mtaa wa Cheyo mjini, jasho likidondokea injini, na mimi mvulana wa darasa la nne nisijue nimsikilize nani.

Kiangazi kile bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa, alikuwa mgonjwa kijijini Puge. Aliagiza nipelekwe anione. Kukaa kwenye basi hakuweza tena, kwa hiyo baba alikusudia twende na pikapu, tumlaze kwenye kiti cha mbele, tumlete hospitali ya mjini. Lakini bomba la moshi lilikuwa limeachia pale linapoungana na injini, na moshi wote uliingia tulimokaa. Ili libanwe upya ilibidi kwanza kuzitoa stadi, vile vijiti vya chuma vyenye nati vinavyolishikilia, na zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya miaka mingi.

Fundi wetu, Mwinshehe, alikuwa Mzaramo, na sisi Wanyamwezi ni watani wake tangu babu zetu walipobeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Hakuwahi kusema neno lililonyooka nyumbani kwetu. "Shikamoo, fundi," nilikuwa nikisema. "Marahaba, mpagazi! Mzigo wangu umeutupa wapi?" Akisifu chai, ujue haina sukari. Akiaga, ujue anasubiri chakula. Baba naye alimwita mla pweza, na mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilikua nikiamini kwamba maneno ya mtani lazima uyageuze ndipo upate maana yake.

Siku ile alizichoma stadi kwa moto wa gesi, akazigusisha kipande cha nta, ikayeyuka na kuzama penye nati. Zikatoka moja moja, zikilia. Ya mwisho, iliyojificha nyuma, ikagoma. Akaichoma, akaipaka nta, akanitazama. "Hii iacheni. Nikitoka msikitini nitaichoma tena. Ukiigusa, we mpagazi, itakatika, na nitakuzika mwenyewe." Nikacheka. Alipofika mlangoni hakuwa akicheka, au labda alikuwa, sikuona vizuri.

Baba alilizunguka gari, akatazama jua, akanipa spana. "Huyu mla pweza anatania tu. Mkono wako mdogo, unafika. Zungusha." Nikazungusha. Iligoma, kisha ikalainika kama muhogo ulioiva, nami nikapaza sauti, "Baba, inafunguka!" Haikuwa inafunguka. Ilikuwa inajisokota. Ikakatikia ndani kabisa, pasibaki hata pa kushika.

Fundi aliporudi hakututania. Hilo ndilo lililonitisha. Akaanza kuitoboa kwa keke ya mkono, taratibu, maana akiteleza kidogo angeharibu injini. Hakulaumu mtu. Kesho yake akaendelea, na kesho kutwa, na baba akawa anakaa kizingitini. Kabla kazi haijaisha, mtu wa kwetu akashuka kwenye basi la Nzega na habari ya msiba.

Kule Puge, kabla bibi hajateremshwa, Fundi Mwinshehe aliruka ndani ya kaburi, kama ilivyo haki ya mtani, akakataa kutoka. "Mleteni yule mkata stadi tumzike pamoja! Bibi kamngoja mpaka kachoka!" Watu wakacheka huku wanalia. Baba akacheka. Mimi nikasimama pale nisijue kama nimetaniwa au nimehukumiwa. Nilipopata ujasiri wa kumwuliza, alikuwa amekwishahamia kwao pwani.

Siku hizi mafundi vijana hapa Cheyo huchomelea nati juu ya stadi iliyokatika, wakaitoa kabla chai yangu haijapoa. Hawajui nani mtani wa nani. Wakisema usiguse, maana yake usiguse. Nawaonea wivu. Nimezeeka na bado sijui lile neno la kaburini nilipokee vipi. Ninalojua ni hili: bibi aliniita nami sikufika. Spana ile ilininyima kumwona akiwa hai, na sitajua alitaka kuniambia nini.