Gozbert na Maziwa ya Bupe

Ukimwalika Gozbert chakula, usishangae akila kwa macho kwanza. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa yeye ni fundi wa maabara katika sekondari moja ya kata kule Mbagala, na kazi hiyo imemwingia mwilini. Wanafunzi humwita Mzee Tikisa, maana wakati wa vitendo hilo ndilo neno lisilomtoka mdomoni. Kwenye harusi ya mpwa wake alichomoa karatasi ya litmasi mfukoni, akaichovya kwenye kachumbari, na ilipogeuka nyekundu akaridhika kabisa, kana kwamba kuna mgeni aliyebisha kuwa ndimu ni kali.

Pamoja na ujuzi wote huo, alifikisha miaka arobaini na sita bila mke. Mwenyewe alisema hajapata wakati. Majirani walisema wanawake aliwapata, ila aliwachunguza mno wakachoka.

Basi akamjua Bupe, Mnyakyusa mwenye kuuza maziwa nyuma ya ukuta wa shule. Maziwa yenyewe hutoka kwa ng'ombe wa kaka yake, Asifiwe, anayeishi Chamazi. Kila saa nne Gozbert alikwenda kunywa glasi moja, akakaa muda wa glasi tatu. Miaka miwili ikaisha hivyohivyo, mpaka Mwishehe, mlinzi wa shule, uvumilivu ukamshinda.

"Mwalimu, unasubiri nini, achemke? Andika barua, mshenga nitakuwa mie."

Barua ya posa ikaandikwa. Bupe alijua, akatabasamu, na ikapangwa ipelekwe kwa Asifiwe Jumamosi mchana.

Hapo ndipo Gozbert alipojitafutia balaa. Alhamisi kidato cha nne walifanya vitendo vya kupima vyakula: iodini kutambua wanga, dawa ya Benedict kutambua sukari, na ile inayogeuka zambarau ikikuta protini. Walipotoka, likamjia wazo la kuongeza sentensi moja kwenye barua, kwamba yeye, akiwa mtaalamu, amethibitisha maziwa ya Bupe hayajachanganywa na kitu. Kwake hayo yalikuwa mahaba. Wapo wauzaji wanaotia maji kwenye maziwa, kisha wanakoroga unga kidogo yarudishe uzito, na iodini huwaumbua. Akamimina maziwa yake ya saa nne, ambayo siku hiyo aliyabeba mpaka maabara, kwenye testi tyubu iliyokuwa rafuni, akadondosha matone mawili. Yakageuka bluu, yakazidi kuiva mpaka yakawa meusi.

Gozbert akaketi. Alimpenda Bupe, alimpenda sana, lakini angemwoaje mtu anayewauzia watoto wa watu unga? Ijumaa hakwenda kunywa maziwa. Jumamosi asubuhi akamwambia Mwishehe aizuie barua.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Shikamoo, Mzee Mwishehe, lakini iodini haisemi uongo."

"Marahaba. Haisemi uongo, sawa, ila anayeoa si iodini. Nenda kamuulize."

Akaenda na ushahidi wake: kichupa cha iodini na tyubu nyingine mbili za rafu ileile. Bupe alimsikiliza mpaka mwisho, kitambaa cha kufutia meza mkononi. Wateja wawili wakasahau kunywa.

"Hizo tyubu kaosha nani?" akauliza Bupe.

"Wanafunzi."

"Si wewe uliyeniambia, siku ile mvua imetukalisha hapa, kwamba lazima mpime maji matupu kwanza?"

Gozbert akazipanga tyubu mezani. Jambo hilo amewagombezea wanafunzi miaka yote kumi na tisa. Akatia maji safi ya Bupe kwenye tyubu ya kwanza, akadondosha iodini. Bluu. Ya pili, bluu. Wanafunzi walikuwa wamemwaga tu uji wa wanga, wakazirudisha rafuni bila kuziosha. Bupe akamimina maziwa kwenye glasi yake mwenyewe, akamsogezea. Safari hii iodini ilibaki na umanjano wake, ikaelea pale kama tone la chai.

Wateja wakaangua kicheko. Bupe hakucheka.

"Umeniumiza, Mwalimu. Jana nimekuwekea glasi yako mpaka imeganda."

"Nisamehe. Nilitaka niandike kwenye barua kwamba maziwa yako hayana doa. Nilitaka kukusifia."

"Unanisifia kwa kunipima?"

Akachukua beseni la glasi chafu, akalitua mbele yake. Gozbert akalivuta karibu. Alikunja mikono ya shati, akaosha kwa sabuni, akasuuza, akainua kila glasi juani kuitazama. Glasi zilikuwa ishirini na mbili na hakuna aliyemsaidia. Mwishehe akatokea na kanzu yake ya kutokea, bahasha mkononi, akasimama pembeni akijifanya hasikii.

"Mshenga wako asiende kwa kaka leo," alisema Bupe.

Mikono ya Gozbert ikasimama ndani ya povu.

"Kaka kaenda Kimbiji. Aende kesho, tukitoka kanisani. Na hiyo sentensi ya kupima maziwa isiwemo, nisije nikachekwa na ukoo mzima."