Kabari Mbili

Jana jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa anatia mashine yake mafuta. Harufu ikapenya hadi jikoni kwangu, nami nikaona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Acheni niwaambie kwa nini, maana nyinyi si watu wa kunicheka.

Baba yangu, mtu wa Bukavu, alikuwa fundi katika duka moja la bunduki pale Kensington, Johannesburg. Kazi yake ilikuwa bastola za kizamani, zile za kushindilia baruti na kuvika fataki. Si za kale hasa, ni nakala mpya ambazo wazee wa Kizungu walizipenda kwa kulenga shabaha wikendi. Jumamosi nilikwenda naye, msichana wa miaka tisa, niwe mkalimani wake. Kiingereza chake kiliishia "sharp" na "eish", maneno ya mitaani ya huko.

Siku hiyo alifungua bastola mbili za muundo mmoja, zilizotoka viwanda viwili tofauti. Vipuri vya kila moja akavipaka mafuta ya cherehani, akavitia kwenye sahani yake.

"Zinafanana kama mapacha," aliniambia, "lakini kila mutoto na mama yake. Usiguse."

Akaenda kuchemsha chai, nami nikagusa. Kabari ni kile kipande cha chuma kinachobana mtutu usichomoke. Bastola inayong'aa ilikuwa na kabari iliyofifia, na ile iliyofifia ilikuwa na kabari inayong'aa. Loo, baba kakosea! Nikazibadilisha, nikajiona mwerevu kuliko watoto wote wa Johannesburg.

Aliporudi aliziamini sahani zake. Kabari ya kwanza ikagoma kuingia, akaipiga tupa kidogo kidogo mpaka ikakubali. Ya pili ikapwaya, mtutu ukacheza kama jino bovu. Hapo akazigeuzageuza mkononi, akaelewa. Lakini chuma kikishaliwa na tupa hakirudi.

Bosi akaja, uso umemwiva. Baba akaniambia taratibu: "Umuambie kabari zilibadilishwa sahani. Miye niliziweka muzuri. Niko naona muzuri."

Ningesema hivyo, bosi angeuliza ni nani aliyezibadilisha, na dukani tulikuwa watatu tu. Kwa Kiingereza changu safi cha shule nikasema baba anaomba radhi, siku hizi macho yake hayaoni vizuri.

Hasira zikamwisha bosi. Akayaonyesha macho ya baba kwa kidole, akatikisa kichwa kwa huruma. Jumatatu baba akaondolewa mezani, akapewa koti la mlinzi asimame mlangoni. Mlinzi asiyeona, jamani! Jumamosi ile, njiani kurudi nyumbani, tukingoja robot, yaani taa ya barabarani, iwake kijani, aliniuliza nilimwambia nini bosi.

"Ulivyosema, baba."

"Aksanti, mama," akanishika mkono.

Kwa miaka nilidhani nimemnyang'anya kazi tu. Kumbe, kwa kuwa alidhani bosi ameusikia utetezi wake na bado akayalaumu macho, tangu siku ile hakuyaamini tena macho yake. Hata kifungo cha shati kikikatika, sindano alinipa mimi nitunge uzi. Nilitunga, nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Mwaka huu, sindano ikiwa mkononi mwangu, nilimwambia yote. Akauliza: "Kwa hiyo ile siku nilikuwa naona muzuri?"

"Ulikuwa unaona vizuri sana, baba."

Akaichukua sindano, akaielekeza dirishani, akatabasamu. Lakini sasa ni mzee kweli. Uzi ukapita pembeni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.