Walisema mama hakufuata dawa, kumbe hawakumuuliza anakula nini

Amahoro wakuu.

Mimi huwa nasoma nyuzi zenu na kupita. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na sitaongeza chumvi. Kilichotokea chenyewe kinatosha.

Mama yangu alikuwa anauza mawese hapa Rumonge. Alikuwa na ugonjwa wa valvu ya moyo. Kabla vita haijafika upande wetu, wakaja madaktari wa utafiti. Walikuwa na vidonge vya kuzuia damu kuganda, wakitaka kujua vinawasaidia kiasi gani watu wa moyo na vina hatari gani.

Mama akakubali. Na vilimsaidia, sitakuwa mnafiki. Alianza kupanda kilima cha nyumbani bila kukaa njiani.

Walimuuliza kila kitu. Pombe, sigara, mimba, hata mambo ya chumbani. Wakapima damu, wakampangia kiasi cha dawa.

Chakula chetu je? Sombe, majani ya muhogo. Mchana sombe, jioni sombe na ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani. Hilo hawakuuliza. Lishikeni, nitalirudia.

Halafu vita. Tunatoka nyumbani mbio, mama ananipigia kelele mlangoni: "Zawadi, beba dawa kwanza! Manguo tutapata zingine!"

Sufuria zikabaki, vidonge vikaenda.

Tukaishia kwenye kambi ya waliokimbia. Huko ni ugali wa msaada na maharagwe, basi. Majani ya kijani utayatoa wapi wakati mashambani kuna watu wenye bunduki?

Njia ilipofunguka kidogo, daktari wa utafiti akafika. Damu hakupima, alisema mashine iko Bujumbura na barabara si salama. Kwa hilo simlaumu. Lakini vidonge alileta. "Maman, endelea vilevile," akasema, akaingia kwenye gari.

Mama akaendelea vilevile.

Fizi zikaanza kutoka damu. Kisha madoa meusi mikononi, kama mtu aliyepigwa. Daktari aliporudi nikamwonyesha. Akasema, "Iyo iko meno tu. Na mikono ni kazi ya kubeba maji."

Sijui kama hata aliangalia vizuri.

Haukupita muda, mama akashika kichwa akisema kinampasuka, akaanguka. Hakuamka tena. Tulimzika nyuma ya mahema.

Sasa kinachonichoma ni hiki. Vita ilipotulia walituita familia kutueleza matokeo. Daktari yule yule akasimama, shati limepigwa pasi, akasema dawa ni nzuri, shida ni wagonjwa.

"Mama Zawadi, kwa mufano, hakufuata traitement. Alikuwa anameza ovyo."

Ovyo! Mwanamke aliyeacha sufuria akabeba vidonge! Nikasimama nikasema ni uongo. Wakaniambia nikae, eti nina uchungu wa msiba.

Maneno yakasambaa mtaani kwamba mama alijiua kwa uzembe. Bibi yangu, mama yake mzazi, alikufa akiamini hivyo. Hili sitawasamehe.

Miaka ikapita, moyo wangu nao ukaanza. Daktari mmoja, binti mdogo tu, alitaka kunipa vidonge vile vile. Kabla ya kuandika akauliza, "Mama, sombe munakulaka mara ngapi?"

Nikadhani ananitania. Akanieleza: majani ya kijani yanapunguza nguvu ya dawa hii. Ukiyala kila siku, unapangiwa dawa inayoendana na hayo. Ukiyaacha ghafla na dawa ikabaki ile ile, inazidi nguvu, damu inavuja, hata ndani ya kichwa.

Nililia pale kwenye kiti mpaka akaenda kufunga mlango.

Swali moja, wakuu. Yule bwana alikuja kambini, akatuona tunakula ugali na maharagwe. Kwa nini hakuuliza sombe imekwenda wapi?

Kwa mliopewa vidonge hivi: chakula kikibadilika, semeni. Fizi zikitoka damu, rudini hospitali haraka, wala msikubali kuambiwa ni meno. Na mkiingizwa kwenye utafiti, ulizeni nani atawafuatilia mkilazimika kuhama.

Madaktari mliomo humu, nijibuni, nataka kusoma. Ila msiniambie ni vita. Vita haikumwambia mama aendelee vilevile.

Na ninyi wa Rumonge mliosema Mama Zawadi alimeza ovyo, andikeni hapa chini kwa majina yenu. Alimeza vyote, kila siku, kama alivyoambiwa. Ndivyo alivyokufa.