Sikuona Duara

Maji ya nyasi yaliyolala wiki nzima kwenye chupa ya jamu hunuka kama zizi lililonyeshewa. Ndiyo harufu ya mwaka wangu wa kidato cha pili, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika shule ya wasichana huko Kileleshwa, karibu na kijito tulikoyateka maji yale. Bwana Kariuki, mwalimu wetu wa sayansi, alikuwa na hadubini moja tu ya shaba, na aliifungia kabatini kama mahari. Siku alipoitoa tulipanga foleni, kila msichana akachungulia mara moja, kisha akarudi kwenye dawati kunakili picha ambayo mwalimu alikuwa ameshaichora ubaoni: duara, na nukta katikati. Kuchungulia kulikuwa kwa adabu tu. Alama zilitoka ubaoni.

Mimi nilichungulia nikasahau foleni. Ndani ya tone la maji waliogelea viumbe wadogo mno: mmoja alikuwa na umbo la soli ya kiatu, akienda mbio huku akijizungusha. Mwingine alikuwa kengele juu ya uzi, na uzi wenyewe ulijikunja ghafla kama springi ya kitanda. Wa tatu hakuwa na umbo la kudumu; alimwagika kuelekea alikotaka kwenda, kama uji. Duara sikuliona. Niliwachora wote watatu, tena nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona hawafanani, na wote wanakaa kwa tone moja?" Alitazama mchoro wangu, akaweka raba juu yake. "Hilo swali haliko kwa mtihani. Futa, uchore ya ubaoni. Ama uende upishi." Kwenda upishi kulimaanisha kuiaga sayansi kabisa, na sayansi ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi. Hata hivyo nilimrudishia raba yake. Usiniite jasiri; nilikuwa na hasira. Macho yalikuwa yangu, na ubao haukuwahi kuchungulia.

Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya watu Spring Valley. Alikuwa ametoka Bungoma akavumilia jiko la wenyewe ili mimi nisije nikarithi mwiko wake. Aliposikia nimehamishiwa upishi alishika kichwa. "Wewe Nekesa, si ungechora tu hiyo duara? Kwani ingekuuma?"

"Mama, sikuiona."

"Haya. Mtoto akililia wembe, mpe." Nikajua hapo amenawa mikono, na usiku huo nililia.

Alhamisi iliyofuata, siku yake ya mapumziko, nilikuwa nikisukuma chapati, ambazo nazo kwa amri ya mwalimu wa upishi zilipaswa kuwa duara, nilipomwona Mama kupitia dirisha. Alikuwa ameketi sakafuni mlangoni pa maabara, amevaa nguo ya kanisa, akifuma kitambaa cha kochi kwa sindano ya kroshia. Bwana Kariuki alipomuuliza anataka nini, alijibu, "Hakuna, mwalimu. Nangoja tu mtoto wangu arudi darasa." Alhamisi nyingine akaja tena, na nyingine. Hakupaza sauti, wala hakuomba. Kitambaa kilirefuka mpaka wasichana wakawa wanakiruka wakiingia darasani. Hatimaye mwalimu aliniita, akanionyesha dawati langu. Mchoro wangu haukufutwa.

Nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu. Kijito kile sasa kinapita nyuma ya magorofa kikinuka sabuni, na watoto hupewa picha zilizochapishwa tayari. Swali langu nililijibu kidogo kidogo: mwembamba hukata maji kwa wepesi, mwenye uzi hujishikiza mahali chakula kinapopita, mwenye miba, niliyemkuta baadaye, humkwama kooni anayetaka kummeza, na wapo ambao hadi leo hatujui kwa nini wako walivyo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, hata yule asiyeonekana kwa macho. Mama aliniambia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba ningechora tu ile duara. Kitambaa chake nimekitandika kwenye kochi langu. Ni kirefu kupita kiasi, kinaburura sakafuni. Kila mgeni hunishauri nikikate kitoshe kochi kama vitambaa vya wenzangu. Sikikati.