Hati za Shemeji

Darasa la pili lilinitosha, nikaondoka. Kusoma nasoma, polepole, na nilicho nacho hapa Tabora nimekipata kwa asali na ng'ombe, si kwa kalamu. Hata hivyo shemeji yangu, mume wa dada, alipotaka mtu wa kusimama naye bomani alinichagua mimi. Alijua sina haya.

Alikuwa mwalimu katika shule ya misheni, njia ya Kwihara. Miaka yote alifundisha kwa majaribio. Wenzake wakathibitishwa kazini, yeye akaambiwa hafai, aache kazi na nyumba ya shule. Kwa nini hafai, hakuambiwa. Dada na watoto ingebidi waje kwangu, na kwangu kulikwisha jaa. Basi akashitaki.

Bwana Shauri, hakimu wa bomani, Mwingereza kijana wa Kiswahili cha kitabuni, akamwuliza mwalimu mkuu, "Wakaguzi waliandika nini juu yake?"

"Hizo ni karatasi za siri, bwana."

"Kama ni siri au si siri, nitaamua mimi. Jumatatu ulete hati za mwalimu huyu, zote."

Jumatatu mwalimu mkuu akaja na furushi, akalifungua mezani. Herufi za kubandika ukutani, ratiba, nyimbo za kanisani, zote kwa mkono wa shemeji.

"Nini hizi?"

"Hati zake, bwana, kama ulivyoagiza. Na hati yake ni nzuri, hatukatai."

Watu wakacheka. Maana kwetu hati ni mwandiko kwanza, mengine baadaye. Kama mkuu yule alikosea au alifanya ujanja, mpaka leo sijui. Shemeji naye, mjinga yule, akatabasamu. Nikampiga kiwiko.

"Unafurahia nini? Wanakufukuza huku wanakusifia herufi."

"Lakini si nzuri, shemeji?"

Nikasimama. "Bwana, mwambie hivi: alete walichoandika wao juu yake, si alichoandika yeye."

Bwana Shauri akaamuru vile vile. Mkuu akaanza tena habari ya siri.

"Siri ya nani, mwalimu?" nikamwuliza. "Anayesemwa humo ni huyu, na wa kuhamishwa ni dada yangu."

"Kaa chini, wewe muuza asali."

"Nakaa. Nawe lete."

Hakuleta. Kikao kilichofuata alileta barua ya kumthibitisha shemeji kazini, akaomba kesi iishe. Bwana Shauri akamwuliza shemeji kama ameridhika. Akasitasita, alitaka kuona alivyoandikwa.

"Baba watoto," dada akasema kutoka nyuma, "ridhika."

Akaridhika, kwa mdomo. Njiani hakunipa nafasi ya kupumua.

"Lazima walinisifu, shemeji. Ndiyo maana wakazificha."

"Amini hivyo," nikamwambia, "na kesho uwahi kengele."